Kampuni ya Bima Ikifilisika, Majengo Yake ni Haki ya Nani?

Katika Bonde la Kilombero hakuna kaya inayoweza kusema kwamba habari za bima haziihusu. Basi linalotoka Ifakara kwenda Morogoro, lori linalopeleka miwa kiwandani, pikipiki inayobeba gunia la mpunga kutoka shambani, vyote vinatakiwa na sheria viwe na bima ya kumlinda mtu wa tatu. Mtu wa tatu huyo ni mama anayevuka barabara akiwa na beseni la dagaa kichwani, ni mtoto anayetoka madrasa, ni mzee aliyeketi barazani kwake. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetia saini mkataba wa bima, wala hawajui jina la kampuni iliyoandikwa kwenye stika ya gari. Hata hivyo siku ya ajali, riziki yao hutegemea uzima wa kampuni hiyo.

Makala haya yanazungumzia siku ambayo kampuni yenyewe inaanguka. Tumeona tuliandike jambo hili kwa sababu maswali yake hufika misikitini kabla hayajafika kwa mawakili. Mjane huja katika ofisi ya kamati na bahasha yenye hukumu ya mahakama, hati ya kifo cha mumewe na barua ya kampuni inayosema dai linashughulikiwa. Miaka inapita. Kisha husikia kwamba kampuni imefungwa, na baadaye husikia kwamba jengo lake la ghorofa limekwisha kuuzwa. Hapo huuliza swali ambalo wengi hulionea haya kuliuliza: jengo lile lilikuwa la nani?

Ahadi na mali iliyo nyuma yake

Bima ni biashara ya ahadi. Muuza mchele hupokea fedha na kutoa mchele papo hapo. Kampuni ya bima hupokea ada leo, na kitu inachouza ni neno lake kwamba msiba ukitokea italipa. Kwa sababu hiyo fedha nyingi zilizomo mikononi mwake hazitoshi kuitwa faida. Ni fedha zinazongojewa na watu ambao bado hawajapata ajali, na wengine ambao wamekwisha kuipata na madai yao hayajalipwa.

Kampuni haiwezi kuzilaza fedha hizo sandukuni. Hununua viwanja, hujenga majengo ya kupangisha, huweka amana benki, hununua hisa na dhamana za serikali. Mali hizo ndizo ukuta unaoizuia ahadi isianguke. Mkurugenzi anayeuza kiwanja cha kampuni yenye afya kwa bei ya haki hajafanya kosa lolote, kwani fedha za mauzo huingia mahali pa kiwanja. Lakini kampuni inapokuwa na madeni makubwa kuliko mali, kila kiwanja kinachotoka kwa bei ya kutupa ni fungu lililopunguzwa katika sahani ya mjane na majeruhi. Wenye hisa hapo wamekwisha kupoteza chao. Kinachohamishwa ni haki ya wadai.

Nchini kwetu historia ya jambo hili si ndefu. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 biashara ya bima Tanzania Bara ilishikwa na Shirika la Bima la Taifa peke yake. Sheria ya mwaka 1996 ikafungua mlango kwa kampuni binafsi, na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ikaanzisha Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, ambayo hutoa leseni na kukagua kama kampuni inao uwezo wa kulipa. Kampuni zilipokuwa nyingi, wananchi walipata kuchagua. Pamoja na kuchagua huko kukaja wajibu mpya wa kujua kwamba kampuni binafsi inaweza pia kufa.

Siku ombi linapofikishwa mahakamani

Sheria ya makampuni tuliyonayo, kama zilivyo sheria za nchi nyingi zilizorithi mfumo wa Uingereza, huweka mstari mmoja muhimu sana. Mahakama ikiamuru kampuni ifilisiwe, ufilisi huhesabiwa kuwa ulianza tangu siku ombi lilipofikishwa mahakamani, wala hauhesabiwi tangu siku amri ilipotolewa. Baina ya siku hizo mbili panaweza kupita miezi mingi. Uhamisho wowote wa mali ya kampuni uliofanywa katika kipindi hicho ni batili, ila kama mahakama yenyewe imeuridhia.

Hekima yake ni nyepesi kueleweka. Mwenye nyumba inayoungua hukimbilia kutoa vyombo, na jirani mwovu hukimbilia kuviiba. Wakurugenzi wanaojua kwamba mwisho umekaribia wanaweza kushawishika kumhamishia ndugu kiwanja, kumlipa rafiki deni lake lote na kuwaacha wengine mikono mitupu, au kuliuza jengo kwa kampuni nyingine ambayo nyuma yake wamo wao wenyewe. Sheria haikungoja hadi amri itoke ndipo ifunge mlango, kwa sababu ingalikuwa imechelewa.

Hata mambo yaliyofanyika kabla ya ombi hayako salama moja kwa moja. Mfilisi, yaani mtu aliyekabidhiwa kuikusanya mali na kuigawa, anaweza kuomba mahakama itengue malipo yaliyofanywa kwa nia ya kumpendelea mdai mmoja wakati kampuni tayari imezama. Anaweza pia kuwafuata wakurugenzi walioendesha biashara kwa hila. Kazi yake si kuuza tu. Kwanza hutazama nyuma na kuuliza kilichotoka kilitokaje, kwa nani na kwa bei gani.

Baadhi ya wasomaji watashangaa kwamba taasisi ya umma inayohusika na ufilisi wanaijua vizuri. Ni RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Tunakwenda huko kwa vyeti vya kuzaliwa na vya vifo, na misikiti yetu husajili wadhamini wake huko huko. Neno la pili katika jina lake ndilo tunalolizungumzia leo.

Yaliyowapata jirani zetu

Kenya imepitia mtihani huu mara nyingi, na mafunzo yake ni ya karibu nasi. Kenya National Assurance Company, kampuni ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1964, iliingia katika ufilisi mwaka 1996. Watu waliokuwa wamekatwa ada ya bima ya maisha mwezi kwa mwezi walijikuta wakingoja. Baadaye ikaundwa kampuni nyingine, Kenya National Assurance Company (2001) Limited, ili ichukue bima za maisha. Hapa tunaona kwamba si kila uhamisho katika ufilisi ni mbaya. Kuhamisha mikataba na mali inayoibeba kwenda kwa chombo kingine, hadharani na kwa mujibu wa sheria, kunaweza kuwaokoa wenye bima. Kinachotofautisha uhamisho wa kuokoa na wa kupora ni uwazi, bei, na anayepata manufaa.

Mwaka 2005 ikaja zamu ya United Insurance, iliyokuwa imekatia bima magari mengi ya abiria. Iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria na malipo ya madai yakasimamishwa. Amri kama hiyo hulinda mali isinyang'anywe na mdai mwenye mbio kuliko wenzake, lakini ina upande wa pili. Majeruhi waliokuwa na hukumu mikononi walizuiwa kuidai kampuni, nao wamiliki wa magari wakajikuta wakikabiliwa na madai yale yale waliyolipia bima ili wasikabiliwe nayo. Wamiliki zaidi ya 100, wakiongozwa na kampuni ya mabasi, walifika Mahakama Kuu ya Nairobi kulalamika. Mwaka 2011 Blue Shield nayo ikawekwa chini ya msimamizi, na wenye madai wakaanza safari ile ile ya kungoja.

Kenya imeunda Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima, unaochangiwa kwa sehemu ndogo ya ada za bima, ambao hulipa hadi shilingi 250,000 za Kenya kwa dai kampuni inapoanguka. Ni rehema, lakini aliyevunjika uti wa mgongo akahukumiwa kulipwa milioni kadhaa anajua kwamba sehemu iliyobaki itatoka mahali pamoja tu: katika mali za kampuni zilizosalimika. Ndiyo maana suala la viwanja na majengo si la mawakili peke yao.

Mnunuzi aliyejificha

Mtu anaweza kudhani kwamba udanganyifu hufanywa na wakurugenzi peke yao, na kwamba serikali ikishika usukani mambo yamekwisha. Kisa cha Marekani kinatufundisha vinginevyo. Mwezi Aprili 1991 kamishna wa bima wa jimbo la California aliichukua kampuni ya bima ya maisha iitwayo Executive Life. Kampuni hiyo ilikuwa imewekeza mno katika hati za mikopo zenye riba kubwa na hatari kubwa, na thamani yake ilikuwa imeporomoka. Miongoni mwa waliokuwa wakiitegemea walikuwamo watu waliopata ulemavu katika ajali, ambao fidia yao ilipangwa ilipwe kidogo kidogo maisha yao yote.

Hati zile ziliuzwa kwa kiasi cha dola bilioni 3.25 kwa Altus Finance, tawi la benki ya Crédit Lyonnais iliyokuwa mali ya serikali ya Ufaransa. Kampuni mpya ikaundwa ichukue wenye bima. Baada ya muda bei ya hati ikapanda, na faida kubwa ikawaendea walionunua, huku wenye bima wengi wakiwa wamepunguziwa malipo. Miaka kadhaa baadaye ikabainika kwamba benki ile, ambayo sheria haikuiruhusu kumiliki kampuni ya bima, ilikuwa imejificha nyuma ya wanunuzi wa majina kwa makubaliano ya siri. Mwaka 2003 benki na wenzake walifikia mapatano na serikali ya Marekani, wakakiri makosa na kukubali kulipa zaidi ya dola milioni 700.

Tunalolipata hapo ni hili: katika ufilisi haitoshi kujua kwamba mali imeuzwa na mwenye mamlaka ya kuuza. Lazima ajulikane mnunuzi wa kweli ni nani. Aliye nyuma ya pazia hununua kwa bei ya msiba na kuuza kwa bei ya neema.

Msimamizi wa mkopeshaji na mfilisi wa wote

Bonde letu nalo limeonja ladha ya kampuni kubwa kushindwa kulipa, ingawa haikuwa ya bima. Shamba la mpunga la Mngeta, lenye hekta 5,818, ambalo zamani lilihusishwa na mradi wa Wakorea, liliendeshwa na Kilombero Plantations Limited tangu mwaka 2008 kwa ubia na RUBADA, mamlaka ya bonde la Rufiji. Mwaka 2019, mikopo ikiwa haijalipwa, liliwekwa chini ya msimamizi kwa ajili ya wakopeshaji.

Tunautaja mfano huu ili kutofautisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Msimamizi anayewekwa na mkopeshaji mwenye rehani kazi yake ya kwanza ni kurudisha fedha za mkopeshaji huyo. Mfilisi hufanya kazi kwa ajili ya wadai wote, mkubwa na mdogo. Familia yenye dai lazima ijue inashughulika na nani. Jengo lililowekwa rehani benki litamlipa benki kwanza, na kinachobaki ndicho kitakachoingia katika chungu cha wote. Kampuni ya bima iliyoweka rehani mali zake nyingi imeshawapunguzia majeruhi fungu lao kabla hata ya kufa.

Fiqhi ilikwisha kulisema

Neno letu la kufilisika lina asili moja na fulusi, vile vipande vidogo vya fedha. Mufilisi ni mtu aliyekuwa na dinari akabakiwa na vipande hivyo tu. Wanazuoni wetu walilifanyia mlango mzima: mlango wa hajri, yaani kumzuia mtu asitumie mali yake kwa sababu madeni yameizidi.

Imesimuliwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimzuia sahaba Muadh bin Jabal kuitumia mali yake, akaiuza kwa ajili ya deni, na wadai wakapata mafungu 5 katika kila 7 ya haki zao. Katika Muwatta ya Imamu Malik kimo kisa cha Usayfi wa kabila la Juhayna. Mtu huyo alikuwa akinunua ngamia wa bei ya juu kwa mkopo ili awatangulie mahujaji wenzake, mpaka madeni yakamzidi. Khalifa Umar alisimama akawatangazia watu kwamba kila anayemdai aje asubuhi, mali igawiwe. Tuitazame namna Umar alivyofanya: alitangaza, akaweka wakati, na mgawanyo ukawa mbele ya watu.

Vitabu vya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea kwetu, hueleza utaratibu kwa kina. Kadhi akishatoa amri ya hajri, mufilisi hana ruhusa ya kuuza wala kutoa zawadi katika mali ile. Inapendekezwa amri ishuhudiwe na itangazwe ili watu wasidanganyike kuamiliana naye. Mali huuzwa mbele yake na mbele ya wadai, kila kitu katika soko lake, kwa bei ya mfano wake. Huanzwa na kinachoharibika, kisha wanyama, kisha vitu vinavyohamishika, na ardhi hubaki mwisho. Kinachopatikana hugawiwa kwa uwiano wa madeni. Asomaye mlango huo kisha akasoma sheria ya makampuni ataona kwamba zote mbili zinalinda kitu kimoja: haki ya asiyekuwepo wakati mlango unafungwa.

Zipo tofauti. Kwa Shafi, mauzo yaliyofanywa kabla ya amri ya kadhi husimama. Wamaliki wamekaza zaidi: aliyezungukwa na madeni hana haki ya kutoa zawadi hata kabla ya kadhi kusema neno, na wadai wanaweza kuirudisha. Na hata Shafi wamesema kwamba ni haramu kutoa sadaka kwa mali inayohitajika kulipia deni.

Sadaka tusiyotakiwa kuipokea

Hukumu hiyo ya mwisho inatugusa sisi wa kamati za misikiti na madrasa kuliko watu wengine. Tunatafuta viwanja kila mwaka. Tunapoambiwa kwamba kampuni fulani inauza kiwanja kwa nusu ya bei, au kwamba mkurugenzi wake amejisikia kutoa eneo kwa ajili ya wakfu, furaha hutangulia maswali. Tunaona mlango wa heri umefunguka, wala hatuulizi umefunguliwa na nani na kwa ufunguo wa nani.

Tunasema wazi: kamati isikubali. Ikiwa ombi la ufilisi limekwisha kufikishwa mahakamani, uhamisho huo ni batili na mfilisi ana haki ya kulidai eneo, hata kama kuta za msikiti zimefika kwenye linta. Fedha za waumini zitakuwa zimekwenda. Na hata kama hakuna ombi, bado liko swali zito kuliko la mahakama. Msikiti haujengwi kwa fidia ya yatima. Swala katika ardhi iliyoporwa ni jambo ambalo wanazuoni wamelikemea vikali, na mwenye kudhulumiwa hata akiwa mbali, dua yake haina pazia.

Kabla ya kununua, kamati itume mtu kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ajue mmiliki ni nani na kama kuna rehani au zuio. Itazame pia kumbukumbu za kampuni BRELA, na iulize mahakamani kama kuna ombi la ufilisi. Bei ikiwa chini mno kuliko ya majirani, hilo peke yake linatosha kusimama na kuuliza. Gharama ya upekuzi ni ndogo kuliko gharama ya kubomoa.

La kufanya kwa familia

Kwa familia zetu yako mambo ya kushika. La kwanza ni kuhakiki stika ya bima ya chombo chochote tunachokimiliki. TIRA imeweka mfumo wa kielektroniki wa kuihakiki. Ajali ikitokea, jina la kampuni, namba ya stika na namba ya taarifa ya polisi viandikwe siku ile ile na nakala ziwekwe katika nyumba mbili.

La pili, dai lipelekwe kwa maandishi na mapema. Kampuni ikiwa hai lakini inazungusha, yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na iko TIRA. Ucheleweshaji wa malipo kwa watu wengi mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa, na malalamiko yaliyoandikwa humsaidia msimamizi kuuona mapema.

La tatu, kampuni ikiwekwa chini ya msimamizi au mfilisi, tusikae tukingoja kuitwa. Tangazo hutolewa katika Gazeti la Serikali na katika magazeti ya kawaida, na hutaja muda wa kuwasilisha madai. Asiyewasilisha anaweza kukuta mali imegawiwa bila yeye. Wakati ule wa Umar mtangazaji alisikika na mji mzima. Leo tangazo hutoka Dar es Salaam na mkulima wa Mbingu au Mlimba hana habari. Hapa ndipo ofisi ya msikiti inapoweza kuwa mtangazaji: kusoma tangazo baada ya swala ya Ijumaa, na kumsaidia asiyejua kuandika ajaze fomu ya dai.

La nne, wadai wadogo wakutane. Sheria huwapa wadai mikutano, na katika mikutano hiyo wanaweza kumuuliza mfilisi: jengo limethaminiwa na nani, limeuzwa kwa nani, na nani anayemiliki kampuni iliyonunua? Mjane mmoja akiuliza anaweza kupuuzwa. Wakiuliza arobaini kwa pamoja, wakiwa na wakili mmoja waliyemchangia, huandikwa katika kumbukumbu.

Sasa turudi kwa swali la yule mama na bahasha yake. Kampuni inapokuwa hai na inalipa, jengo ni lake. Inapokuwa haiwezi tena kulipa, jengo lile ni amana ya wale ilioahidi kuwalipa, yeye akiwamo, na yeyote analinunua kwa siri, awe tajiri wa mjini au kamati ya msikiti, ameichukua amana ya mtu. Ana haki ya kuuliza, na sisi tuna wajibu wa kwenda naye kuuliza. Allah atuwafikishe kuzifikisha amana kwa wenyewe.